Mtu Mmoja, Mafungu Mawili

Kurunzi alikuwa ameangalia vifua vya watu tangu asubuhi, na sasa hata mwavuli uliotundikwa nyuma ya mlango ulikuwa umeanza kuonekana kwake kama mbavu.

Hakuwa daktari. Alikuwa mpelelezi wa kukodiwa, mwanamke wa makamo aliyekomaa kwenye kesi za bima: ghala lililoungua wiki ileile lilipokatiwa bima, gari lililozama mtoni dereva akiwa nyumbani anaoga. Wenzake wa zamani walimbandika jina la Kurunzi kwa sababu akishaelekeza macho kwenye kona, haondoki mpaka kilichomo kitoke chenyewe. Safari hii kona ilikuwa ndani ya kompyuta, na siku zilikuwa zinakwenda bila kutoka hata mende.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ndogo, vyumba vinne juu ya duka la vitasa na bawaba, ilitengeneza mashine ya kusoma picha za eksirei. Hospitali ikainunua, hasa kwa ajili ya ugonjwa mmoja: vumbi la mawe. Vumbi likishaingia kwenye mapafu ya mpasua mawe halitoki tena, na dawa yake kubwa ni kumwondoa mtu kazini mapema. Kwenye mtihani wa mwisho mashine haikukosea picha ya vumbi hata moja. Ikapelekwa kwenye kliniki ya machimbo kwa shangwe. Kule, muuguzi mkuu alimwona mpasua mawe mmoja anapanda ngazi za kliniki huku akisimama kutafuta pumzi, na mkononi ana karatasi ya mashine inayosema ni mzima kama chuma. Wenzake walipoitwa wakapimwa upya, wengi walikuwa wamepitwa vilevile.

Kampuni ilitoa jibu kabla hata ya kuulizwa mara ya pili: msichana aliyekuwa akigawa data ndiye aliyeharibu, na amesimamishwa kazi. Hospitali haikuridhika. Ikamtafuta Kurunzi.

"Bado tu, mama?" Meneja alichungulia mlangoni. Alikuwa mwanamume wa shati lililonyooshwa mpaka mikunjo ikakata tamaa, simu moja kila mkono. "Mbona jambo liko wazi? Mafungu yalishafungwa, kisha picha za vumbi zikahamishwa. Kompyuta imeandika jina la aliyehamisha. Ni yeye."

"Kompyuta imeandika akaunti yake," alisema Kurunzi. "Akaunti haina vidole. Ingia ukae. Nieleze tena habari ya mafungu, nieleze kama unamweleza shangazi yako."

Meneja akakaa. Habari ya mafungu aliipenda, maana ndiyo iliyouza mashine.

Lundo lilikuwa la picha maelfu kwa maelfu, zote kutoka hospitalini, na lebo zake zikiwa zimenakiliwa kutoka kwenye mafaili ya wagonjwa. Kifua kimoja huweza kubeba mengi kwa pamoja: moyo uliopanuka, kovu la kifua kikuu, maji kwenye pafu, ubavu uliovunjika zamani. Kwa hiyo picha moja ilikuwa na lebo moja, nyingine nne, nyingine zaidi. Lundo likagawanywa. Fungu kubwa likawa la mafunzo. Hilo mashine ilisomea. Fungu dogo likawa la mtihani, na mashine haikutakiwa kuliona kabla ya siku yenyewe.

"Mwanafunzi akiiona karatasi ya mtihani jana yake," alisema Meneja, "utajuaje kama ana akili au ana kumbukumbu tu? Basi yule msichana aliionyesha mashine karatasi."

"Karatasi ipi?"

"Hizo picha za vumbi zilizohamishwa."

"Hapo ndipo tunapokwaruzana, wewe na mimi." Kurunzi alimgeuzia kioo cha kompyuta. "Nimelinganisha picha zote za fungu hili na zote za fungu lile. Hakuna hata moja inayoonekana mara mbili. Zilizohamishwa zilitoka kwenye mafunzo zikaingia kwenye mtihani, na kule zilikotoka hazikubaki. Na zilihamishwa kabla mashine haijaanza kusoma. Mashine haikuwahi kuziona. Sasa hiyo karatasi unayosema ilionyeshwa iko wapi?"

Meneja alifungua kinywa, simu moja ikalia, akaipokea kwa furaha ya mtu aliyetupiwa kamba majini. Akatoka nayo.

Kurunzi alirudi kwenye vifua. Alishakuwa na wazo moja, na wazo lenyewe lilimpendeza mpaka akaliogopa. Wapasua mawe wengi hupata kifua kikuu juu ya vumbi. Huenda basi mashine haikujifunza vumbi kabisa. Ilijifunza kovu la kifua kikuu, na kila ilipoliona ikataja vumbi nalo, kama mtu anayemwona kaka akamsalimu na mdogo wake asiyekuwepo. Akachambua picha za vumbi za fungu la mtihani, akaweka kando zote zenye lebo ya kifua kikuu, akatazama zilizobaki. Mashine ilikuwa imezipata zote. Kovu halikuwepo, na vumbi ikalitaja bila kusita. Wazo likafa hapohapo, na Kurunzi akalifuta bila kuliombolezea.

Alichobaki nacho ni macho. Akaanza kuzipitia picha za vumbi za mtihani moja moja, taratibu, na safari hii hakutafuta ugonjwa, maana ugonjwa hakuujua. Alitafuta vitu. Kifungo kilichosahaulika kwenye nguo. Cheni. Ubavu uliopinda. Akaona bamba la chuma juu ya mtulinga wa kushoto, limekazwa kwa skrubu, na skrubu ya mwisho ilikuwa imeingia upande, kana kwamba fundi aliyeikaza aliitwa kula kabla hajamaliza.

Alilitazama bamba lile muda mrefu kidogo. Kisha akafungua fungu la mafunzo, akachagua lebo ya vumbi, akaanza kushuka.

Hakushuka sana. Bamba lilikuwa pale. Mtulinga wa kushoto, skrubu ya mwisho upande. Picha ilikuwa nyingine, mapafu yakiwa na giza pungufu kidogo, mabega yameinuliwa kidogo zaidi, lakini mtu alikuwa yuleyule. Akaendelea. Likatokea tena. Na tena. Kisha akachukua picha nyingine ya mtihani, yenye ubavu uliopinda, akamtafuta mwenye ubavu wake ng'ambo ya pili, akampata.

"Haya," Kurunzi aliwaambia wale watu wa vivuli. "Kumbe mmekaa vyumba vyote viwili."

*

Msichana aliyesimamishwa kazi aliishi kwa kaka yake, nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya kituo cha mafuta. Ofisini walimwita Mizani, kwa kazi yake ya kugawa na kwa tabia yake ya kupima neno kabla ya kulisema. Aliyefungua mlango hakuwa na tabia hiyo.

"Mimi ni wifi yake," alisema mwanamke mwenye mtoto mgongoni na upawa mkononi. "Kama umekuja kumwuliza kama ameiba mtihani, jibu nakupa mimi hapa hapa, usichoshe viatu. Wifi yangu akiokota sindano yangu sakafuni ananitafuta nyumba nzima anirudishie."

"Nimekuja kumwuliza jinsi alivyogawa," alisema Kurunzi.

Upawa ukashuka. "Hilo atakueleza mpaka ulale. Karibu ndani, dada."

Mizani alikuwa sebuleni anakunja nguo za mtoto, na alikuwa amezipanga kwa ukubwa. Kurunzi alimwonyesha bamba la chuma, kwanza picha ya mtihani, kisha za mafunzo. Msichana alizitazama mara moja tu, mikono ikaacha kukunja.

"Huyu hawezi kuwa pande zote," alisema.

"Lakini yuko."

"Hawezi. Mimi sikugawa picha, niligawa watu. Mgonjwa mmoja, upande mmoja, na picha zake zote zinamfuata. Ukiwachanganya, mashine inamkariri mtu. Inamwona fulani, inakumbuka kwamba fulani ana vumbi, inaandika vumbi. Halafu anakuja mgeni mwenye ugonjwa uleule, haimjui, inampita."

"Kama wale wa machimbo."

Mizani aliitika kwa kichwa.

"Ulijuaje picha ipi ni ya nani?"

"Zilikuja na namba za wagonjwa. Nikagawa, nikafunga mafungu, kisha namba zikafutwa. Mkataba ulisema hivyo, kuficha siri za watu. Baada ya hapo hakuna mtu ofisini angeweza kujua picha ipi ni ndugu ya ipi. Hata mimi."

Kurunzi alilikalia neno hilo kidogo. Aliyehamisha, basi, alihamisha gizani. Alichukua picha ya mtu, akaacha nyingine za mtu huyohuyo nyuma, na hakuwa na njia ya kujua.

"Ulipogawa mwanzo," aliuliza, "kwenye fungu la mtihani kulikuwa na vumbi?"

Msichana aliinamisha uso. Wifi yake, aliyekuwa anajifanya anafuta kabati lililokuwa safi, akaacha kufuta.

"Hapo kosa ni langu," alisema Mizani. "Wagonjwa wa vumbi ni wachache, ila kila mmoja ana picha nyingi, maana anapigwa kila mwaka. Ukihesabu picha unaona wako tele. Niliwagawa watu kwa kubahatisha, nikahakikisha magonjwa makubwa yamekaa sawa pande zote, moyo, kifua kikuu, maji. Wa vumbi wote wakaangukia mafunzo. Sikuangalia. Matokeo yalipokuja na alama nzuri ya vumbi, nilifurahi, wala sikujiuliza imetoka wapi."

"Siku picha zilipohamishwa kwa akaunti yako, ulikuwa wapi?"

"Nilimpeleka mama kung'olewa jino. Niliacha kompyuta wazi kwa sababu ilikuwa katikati ya hesabu ndefu. Ukiifunga inaanza upya. Nilimwambia Meneja hivyo. Akasema kila mwizi ana mama mwenye jino."

"Alisema hivyo?" wifi aliuliza kwa sauti ndogo, ya hatari.

Kurunzi alitoa kwenye mkoba kompyuta yake ya kubebea, akafungua zile picha zilizohamishwa, zote pamoja. "Zitazame. Niambie chochote kinachokushangaza."

Mizani alizipitia polepole mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akazipitia tena. Kisha akauliza kitu ambacho Kurunzi hakukitarajia.

"Na zile mbovu ziko wapi?"

"Mbovu zipi?"

"Hospitali walituandikia baada ya mauzo. Kuna picha zilipewa lebo ya vumbi kimakosa, wakatuletea orodha yake. Mtu akija kutoka machimboni, karani anaandika vumbi, hata kama ana mafua tu. Lebo za mafunzo zilitoka kwenye mafaili yao, hakuna aliyezisoma upya. Zilikuwa si chache." Alipitisha kidole kwenye kioo. "Mtu akiokota picha za vumbi kwa kufuata lebo, lazima aokote na hizo mbovu kadhaa. Huyu hakuokota hata moja. Zote hizi ni vumbi la kweli."

"Na wakati zinahamishwa, hayo makosa yalikuwa yanajulikana?"

"Hata kidogo. Barua ilikuja baadaye sana."

Kurunzi alifunga kompyuta. Mgawaji hufuata lebo, kwa sababu hana kingine cha kufuata. Aliyehamisha hakuzifuata. Aliziruka zilizoandikwa uongo kabla ya mtu yeyote kujua kwamba ni uongo, na njia ya kufanya hivyo ilikuwa moja tu: kutazama pafu lenyewe na kulielewa.

"Mwanangu," alimwambia Mizani, "wewe ukitazama eksirei unaona nini?"

"Moshi," alisema Mizani. "Mimi najua lebo. Pafu sijui."

*

Kurunzi hakupenda kumwacha mtu kwenye orodha ya washukiwa kwa sababu tu hampendi, na Meneja hakumpenda. Kwa hiyo aliporudi ofisini alimwita kwanza.

"Nisaidie hapa, Meneja. Picha hii. Unaona tatizo?"

Meneja aliinama, akakunja uso kwa uzito unaostahili. "Ndiyo. Hapa chini, kuna... kivuli. Kivuli cha wazi kabisa."

"Asante. Umenisaidia sana."

Meneja akaondoka ameridhika. Kurunzi alikuwa ameigeuza ile picha, kulia ikawa kushoto. Moyo ulikuwa umekaa upande ambao mioyo haikai, mkubwa kama embe bivu, na Meneja ameupita akasifu kivuli cha tumbo. Akamfuta kwenye orodha.

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba chenye mapazia mazito yaliyofungwa mchana kutwa. Humo alikaa Daktari, mzee aliyestaafu hospitalini na sasa alikuja mara chache kwa wiki kuzisoma picha za mtihani na kuthibitisha majibu yake. Vijana wa ofisi walimwita Babu Kivuli, na alilipenda jina hilo kuliko vyeti vyake. Kurunzi alibisha, akaambiwa karibu, akaingia kwenye giza lenye harufu ya chai ya tangawizi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mama. Kaa, lakini usifungue pazia."

Alimwonyesha ileile picha. Mzee hakuhitaji hata kuvaa miwani vizuri.

"Umeigeuza, wewe. Au umempata mtu wa ajabu, basi mlete nimwone kabla sijafa." Akacheka. "Unanijaribu?"

"Nilikuwa namjaribu mwingine. Wewe nilijua utaona." Kurunzi alivuta kiti. "Daktari, umewahi kugusa mgawanyo wa mafungu?"

"Kazi yangu ni kusoma. Kugawa ni kwa yule binti."

"Sikuuliza kazi yako. Nimeuliza kama umewahi."

Mzee alimimina chai, akajaza kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa nusu.

"Picha za vumbi zilihamishwa," Kurunzi aliendelea. "Aliyehamisha aliziacha zote zilizokuwa na lebo za uongo. Wakati ule hakuna aliyejua ni za uongo. Hazikuandikwa popote. Ila kwenye mapafu zilikuwa zimeandikwa, kwa anayejua kusoma. Katika nyumba hii anayejua kusoma ni mmoja."

"Nilimwambia," alisema Daktari.

"Nani?"

"Meneja. Mara ya kwanza hapa, mara ya pili kwenye ngazi. Nilisoma fungu lote la mtihani, picha baada ya picha, sikuona vumbi. Hata mtu mmoja! Mashine inakwenda machimboni, na mtihani wake hauna swali la vumbi. Akaniambia, mzee, tuuze kwanza, mengine tutarekebisha. Nimeyaona hayo mapafu maisha yangu yote, mama. Nimewaambia watu kwa mdomo wangu kwamba wamechelewa." Alisukuma kikombe kando. "Siku ile nikapita kwa binti nimwambie yeye. Hayupo, kompyuta iko wazi. Nikajisemea, jambo dogo hili. Nikachagua picha safi, zile ambazo hata mwanafunzi angekubali ni vumbi, nikazipeleka upande wa mtihani. Ile sio kugawa. Nilirekebisha."

"Hukumwambia aliporudi?"

"Siku zangu za kuja zilikuwa zimekwisha wiki ile. Niliporudi mashine imeshafaulu, watu wanapigiana makofi. Nikaona imekwenda vizuri."

Kurunzi aliweka mbele yake picha mbili za bamba la chuma. "Hii uliihamisha. Hii iliachwa nyuma, kwenye mafunzo."

Daktari alivaa miwani vizuri safari hii. Alizitazama, kichwa kikatikisika polepole, kama mtu anayesoma habari zake mwenyewe.

"Mtu mmoja," alisema.

"Mtu mmoja, mafungu mawili. Na wengine kama yeye, wote wa vumbi. Mashine iliwakariri kwenye mafunzo, ikawatambua kwenye mtihani, ikapata alama zote. Wapasua mawe wa kliniki haikuwa imewahi kuwaona, ikawapita."

Nje ya mapazia mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye chuma, taratibu.

"Kwa hiyo nimewaumiza walewale," alisema mzee.

"Wamepatikana. Muuguzi mkuu ana macho. Wameshaondolewa kwenye vumbi, na wanaendelea kuitwa mmoja mmoja." Kurunzi alimwacha alimeze hilo kwanza. "Aliyeumia bila kosa ni mwingine. Mizani amesimamishwa kazi kwa ajili ya picha hizi."

Daktari aliinuka ghafla mpaka kiti kikagonga ukuta. "Amesimamishwa? Nimeuliza mimi! Nimemwuliza Meneja, binti yuko wapi, kaniambia yuko likizo!"

"Likizo gani hiyo isiyo na tarehe ya kurudi?"

Mzee alikwenda dirishani akavuta pazia kwa mikono yote miwili, jua likaingia likamkuta Kurunzi hana pa kuficha macho.

"Twende," alisema Daktari. "Tena twende sasa, kabla sijakumbuka kwamba nina umri wa kuheshimika."

*

Meneja alijaribu kwanza kukataa, kisha kusahau, kisha kueleza. Kurunzi alimsikiliza yote matatu, akamwuliza swali moja: Daktari alipokwambia mtihani hauna vumbi, ulijua au hukujua? Meneja alizitazama simu zake, na safari hii hazikulia.

Hospitali ilirudisha zile namba za wagonjwa kwa ajili ya kazi moja tu, chini ya macho ya Kurunzi, na Mizani akaitwa kugawa lundo upya. Daktari aliomba kukaa naye. Walianza kwa kuzisoma picha zote za vumbi, mzee akizitoa zile za uongo huku akinung'unika dhidi ya makarani wa dunia nzima. Kisha wakaanza kugawa, na hapo Mizani akageuza desturi yake juu chini.

"Safari hii tunaanza na wachache," alisema. "Watu wa vumbi kwanza. Baadhi yao upande wa mtihani, waliobaki upande wa mafunzo, kila mtu na picha zake zote. Wakishakaa, tunafuata ugonjwa unaofuata kwa uchache. Wa moyo na wa kifua kikuu mwisho kabisa. Hao ni wengi, watajaza popote penye pengo."

"Na mwenye vumbi na moyo pamoja?" aliuliza Kurunzi, aliyekuwa amekaa pembeni akijifanya hajali.

"Anakwenda kwa ugonjwa wake wa nadra. Moyo tutausawazisha baadaye kwa watu wengine. Kamili hautatoka. Tutakosea kidogo kwenye mengi, tusikose kabisa kwenye moja."

Daktari alimtazama juu ya miwani. "Binti, haya ungeniambia mimi kabla sijaingia chumbani kwako kama mwizi."

"Na wewe ungeniachia hata kijikaratasi, Babu."

"Kweli. Nina mwandiko mbaya lakini siyo kiasi hicho."

Mashine ilifundishwa upya, ikatahiniwa upya. Kwenye moyo ilipata vizuri. Kwenye kifua kikuu vizuri. Kwenye vumbi ilipata chini ya nusu. Meneja alishika kichwa akasema imefeli. Mwakilishi wa hospitali, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alisoma alama zile akapumua kama mtu aliyevua kiatu kinachobana, akasema hizo ndizo alizokuwa akizitaka tangu mwanzo: za kuaminika. Wakakubaliana mashine isome mengine yote, ila vumbi isiguse mpaka wapatikane wapasua mawe wengi zaidi wa kuifundishia. Hadi hapo, picha za machimboni zitasomwa na Babu Kivuli. Mzee alipokea habari hiyo akitabasamu, akauliza tu kama chumba cha kliniki kina mapazia.

Kurunzi alibakiwa na jambo moja. Mizani alikuwa ameweka sharti la kurudi kazini: aliitwa mwizi mbele ya watu, basi aombwe radhi mbele ya watu. Saa ya chai wafanyakazi wote walisimama kwenye ukumbi mwembamba, na wifi yake naye alikuja, mtoto mgongoni, mikono kifuani. Hakuna aliyemwalika wala aliyethubutu kumwuliza.

Meneja alikohoa. Alisema kwamba kumekuwa na hali ya kutoelewana, ambayo imesababisha usumbufu, na kwamba kampuni inasikitika.

"Sijasikia," alisema wifi.

Meneja akameza mate. Akasema kampuni ilifanya haraka kidogo kutoa uamuzi.

"Mimi bado sijasikia. Labda mtoto ananizibia masikio."

Watu walianza kutazama sakafu na dari. Daktari alikuwa amejificha nyuma ya kikombe, mabega yakitikisika. Meneja aliweka simu zote mbili juu ya meza, akamgeukia Mizani, na kwa mara ya kwanza akazungumza kama mtu na mtu.

"Nilijua unaweza kuwa huna kosa, nikakutaja wewe kwa sababu ilikuwa rahisi. Haukuwa wizi, na mwenye kusema uongo ni mimi. Nisamehe."

Mizani alilipima lile neno, kama kawaida yake, mpaka wengine wakaanza kubadilisha mguu wa kusimamia.

"Nimesikia," alisema. "Wifi, nawe umesikia?"

"Kidogo," alisema wifi. "Lakini kwa leo inatosha."

Msichana akaingia chumbani kwake, akavuta kiti, akawasha kompyuta. Mlango aliuacha wazi, na Daktari akamfuata ndani na kikombe cha pili.